Jinsi ya Kuboresha Kipasha Hewa cha Sola: Sura ya Bamba Kwanza, Akiba ya Joto Baadaye

Kipasha hewa cha sola ni kasha lenye kioo juu, bamba jeusi katikati na kizuizi cha joto chini yake. Hewa ya kawaida huingia upande mmoja, hupita karibu na bamba lililopigwa na jua, kisha hutoka upande wa pili ikiwa na joto la kutosha kukausha omena, majani ya kunde, maembe au mahindi. Fundi yeyote wa jua kali mwenye mkasi wa bati, mbao na misumari anaweza kulijenga, iwe Kibuye mjini Kisumu au katika karakana za Nakuru. Hata hivyo, wanaolitumia hurudi na malalamiko yale yale mawili. La kwanza ni kwamba bamba linaunguza mkono ilhali hewa inayotoka ni vuguvugu tu. La pili ni kwamba mawingu yanapopanda kutoka ziwani alasiri, joto lote hupotea kwa dakika chache na chakula huanza kufyonza unyevu upya.

Wengi hukimbilia kutibu lalamiko la pili kwa kujaza mawe ndani ya kasha. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Akiba ya joto haizalishi joto lolote, bali huhamisha joto la mchana kulipeleka jioni, na bamba lisilotoa joto lake vizuri mchana halina ziada ya kuhamisha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kasha lenyewe, unafika kwenye sura ya bamba, na ndipo unapozungumzia mawe, maji na nta.

Ziba na upime kabla ya kubadilisha chochote

Chukua vipimajoto viwili, kimoja kwenye mlango wa kuingilia hewa na kingine kwenye mlango wa kutokea, vyote vikiwa kivulini ili jua lisivipige moja kwa moja. Kisha washa udi na uupitishe polepole kando ya kila kiungo cha kasha wakati hewa inatembea. Moshi unapovutwa ndani au kusukumwa nje, hapo pana ufa. Ziba nyufa hizo kwa silikoni au kwa vipande vya mpira, kwa sababu kasha linalovuja litakudanganya katika kila kipimo utakachochukua baadaye.

Kizuizi cha joto chini ya bamba kisipungue sentimita 5. Karibu na Ahero maganda ya mpunga hupatikana kwa urahisi, na hayashiki moto haraka kama maranda ya mbao. Upande wa Muhoroni na Chemelil yako makapi ya miwa. Lolote utakalochagua lazima likauke kabisa kabla ya kufungiwa, kisha lifunikwe kwa bati jembamba ili vumbi lake lisipeperuke kuingia kwenye chakula na panya wasifanye makao humo.

Kuhusu mwelekeo, Maseno iko juu ya mstari wa ikweta, na Kisumu na Nakuru haziko mbali nao, kwa hiyo jua la saa sita huwa karibu na utosi mwaka mzima. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, si kwa ajili ya kulifuata jua, bali ili maji ya mvua yatiririke juu ya kioo na hewa ya moto ipate mahali pa kupanda. Kisumu, ambako ngurumo na mvua hupendelea alasiri na jioni, mimi ningeliinamisha kasha kuelekea mashariki ili livune jua la asubuhi, ambalo ndilo la uhakika zaidi.

Jambo moja katika upimaji huwapotosha hata watu makini, nalo ni kuchanganya nyuzijoto na kiasi cha joto. Ukipunguza kasi ya hewa, kipimajoto cha mlango wa kutokea hupanda na mwenye kasha hufurahi, lakini joto lililokusanywa kwa jumla limeshuka, maana bamba limezidi kuwa moto na linapoteza zaidi kupitia kioo. Tuchukue bamba la mita 2 kwa mita 1 chini ya jua la wati 800 kwa kila mita mraba. Kasha likinasa nusu ya nishati hiyo, linaipa hewa wati 800. Hewa ikipita kwa kilo 0.06 kwa sekunde, itapanda nyuzi 13 hivi. Ukiipunguza hadi nusu, itapanda nyuzi zaidi ya 20, ila wati zilizovunwa zitakuwa pungufu. Chagua kasi kulingana na zao: mahindi ya mbegu hayafai kuzidi nyuzijoto 43, mboga za majani huvumilia 50 au zaidi kidogo, na samaki mbichi akipigwa joto kali angali na maji mengi huiva badala ya kukauka.

Kwa nini bamba huungua huku hewa ikiwa vuguvugu

Hewa inapoteleza juu ya bati laini, tabaka jembamba lililogusana na bati hukaa karibu kutulia. Tabaka hilo ndilo linalopata joto kwanza, na kwa kuwa hewa ni kipitishi duni cha joto, huligeuza bamba kuwa kama limefunikwa blanketi. Hewa iliyo katikati ya njia hupita bila kuguswa. Kubadilisha rangi au kuongeza unene wa bati hakuondoi tatizo hili. Bati la geji 30 lina uwezo sawa na la geji 28 katika jambo hili. Kinachohitajika ni kulivuruga tabaka lile lililotulia, au kuipa hewa eneo kubwa zaidi la kugusana na chuma.

Njia ya kwanza ni kufunga mbavu za waya upande wa bamba unaopitiwa na hewa. Wahandisi wa India, Prasad na Mullick, waliandika juu ya waya zilizochomoza chini ya bamba la kipasha hewa cha kukaushia mazao mwaka 1983, na tangu hapo maabara nyingi zimejaribu sura za kila aina. Hewa inapokutana na mbavu, huruka juu yake, kisha hurudi kugusa bamba umbali wa mara sita hadi nane wa kimo cha mbavu hiyo, na mahali inaporudi kugusa ndipo inapochukua joto kwa nguvu. Ndiyo sababu mbavu zikibanana sana hazisaidii, kwa kuwa hewa hurukia kutoka moja hadi nyingine bila kushuka. Zikiachana mno, tabaka lililotulia hujijenga upya. Nafasi inayopendekezwa ni kama mara kumi ya kimo cha mbavu.

Kwa bamba letu la upana wa mita 1 lenye njia ya hewa ya kina cha sentimita 5, waya wa unene wa milimita 3 unafaa, ukipangwa kila baada ya sentimita 3. Badala ya kuulaza moja kwa moja kukingama na mkondo, ukunje uwe na sura ya V, kila mkono ukifanya pembe ya nyuzi 60 na mkondo wa hewa, ncha ya V ikielekea hewa inakokwenda. Mkao huo huzusha mizunguko ya pembeni inayoleta hewa baridi kwenye bamba. Waya hauhitaji kuchomelewa kwa ustadi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuvuruga hewa na si kupitisha joto. Ribeti na waya mwembamba wa kufungia vinatosha, mradi usitetemeke wala kuanguka. Katika majaribio ya maabara, mbavu za namna hii huongeza uwezo wa hewa kupokea joto hata maradufu, lakini pia huongeza ukinzani wa njia, mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko faida yenyewe.

Ukinzani huo ndio unaoamua kama mbavu zinakufaa. Zinafanya kazi pale ambapo kuna feni inayosukuma hewa kwa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde. Kasha linalotegemea hewa ya moto ijipandie yenyewe kupitia bomba la juu lina mwendo wa polepole mno. Humo mbavu hazivurugi chochote, zinazuia tu. Nasisitiza hili kwa sababu michoro ya kwenye intaneti huonyesha mbavu bila kutaja feni.

Bamba kwa wasio na feni

Mabati ya mawimbi ya kuezekea ndiyo mwanzo mzuri, lakini faida yake katika eneo ni ndogo, kama sehemu moja ya kumi tu. Afadhali kumpa fundi bati tambarare alikunje kuwa mifereji yenye umbo la V ya nyuzi 60. Mifereji hiyo huongeza eneo la chuma mara mbili, na mwanga unaodunda kutoka ubavu mmoja huangukia ubavu wa pili badala ya kurudi nje kupitia kioo. Hewa ipite kwa urefu wa mifereji, na njia iwe pana, sentimita 10 au zaidi, ili isikwame.

Njia nyingine, ambayo naiona inastahili kutumiwa zaidi katika eneo letu, ni kuondoa bamba kabisa na kuweka matabaka matatu au manne ya wavu wa waya uliopakwa rangi nyeusi, ukiwa umelazwa kwa mshazari kutoka chini ya mlango wa kuingilia hadi juu ya mlango wa kutokea. Hewa hulazimika kupenya kwenye matundu, ikigusa waya pande zote. Eneo la kugusana ni kubwa mno kwa bei ndogo, na ukinzani ni mdogo. Udhaifu wake ni vumbi: Nakuru, wakati wa kiangazi upepo unapovuma, wavu hubadilika rangi kuwa kijivu ndani ya wiki chache usipowekewa kichujio cha kitambaa mlangoni.

Bati jipya la mabati yaliyopakwa zinki hukataa rangi. Lioshe kwa sabuni kuondoa mafuta, lisugue kwa msasa, paka rangi ya msingi ya kushikia zinki, kisha nyeusi isiyong'aa. Liache kasha juani siku kadhaa likiwa wazi na tupu hadi harufu ya rangi iishe kabisa. Chakula hakipaswi kuingia kabla ya hapo.

Mwenye feni anaweza pia kuipitisha hewa mara mbili: kwanza kati ya kioo na bamba, kisha igeuke mwishoni na kurudi chini ya bamba. Hewa ya mzunguko wa kwanza huokoa joto ambalo lingepotea kupitia kioo. Ugeuzi huu ni rahisi kwenye kasha jipya na ni wa taabu kwenye la zamani.

Feni yenyewe huchaguliwa kwa uzito wa hewa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake, kwa joto lile lile, ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. Feni huhesabu ujazo, lakini joto hubebwa na uzito. Kwa hiyo vipimo vya ujazo vilivyoandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari viongezwe kwa robo ukiwa Nakuru, na kwa chini ya robo ukiwa Kisumu.

Akiba ya joto: hesabu kabla ya mawe

Tuseme eneo lako linapata kilowati-saa 5.5 kwa kila mita mraba kwa siku njema. Kasha la mita mraba 2 lililoboreshwa hadi kunasa nusu ya hizo litakupa takriban kilowati-saa 5.5, sawa na megajuli 20. Ukitaka kuhamishia jioni theluthi moja, yaani kama megajuli 6.5, na ukikubali akiba ipoe kwa nyuzi 20 kabla haijaisha faida, utahitaji karibu kilo 380 za mawe, au kilo 78 za maji, au kilo 27 za nta ya mafuta ya petroli, ile inayotengenezewa mishumaa.

Sasa tazama kazi itakayofanywa na akiba hiyo. Kukausha kilo moja ya maji kunahitaji megajuli 2.4 hivi, na kikaushio cha kawaida hutumia vizuri nusu tu ya joto lake. Megajuli 6.5 za usiku zitaondoa chini ya kilo moja na nusu ya maji. Gunia la mahindi la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 linapaswa kupoteza karibu kilo 7 ili lifike asilimia 13.5 inayohitajika kuhifadhiwa. Kazi hiyo itafanywa na mchana, siku mbili za jua zuri kwa kasha hili, si na mawe. Thamani ya akiba iko kwingine: kuendeleza ukaushaji saa mbili au tatu mawingu yanapofunga, na kuzuia chakula kisifyonze unyevu wa usiku, hali inayokaribisha ukungu. Kwa omena iliyobakiza unyevu kidogo tu jioni, saa hizo huamua kama atauzwa kwa walaji au kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Mawe ndiyo ya gharama nafuu na hayaharibiki. Kilo 380 ni robo ya mita ya ujazo, wilbaro nne zilizojaa. Tafuta mawe mazito na magumu: granite ya aina inayoonekana Kit Mikayi na kandokando ya Seme ni nzuri, na mawe ya mtoni yaliyoviringika pia. Kataa kabisa mawe mepesi yenye matundu ya volkano yanayopatikana kuzunguka Menengai, kwa sababu hayo huzuia joto badala ya kulitunza. Ukiwa na feni, mawe ya sentimita 2 hadi 4 yanafaa. Bila feni, tumia ya sentimita 7 hadi 10. Yaoshe hadi maji yatoke meupe na yakaushe.

Yapange kwenye sanduku la mbao au tofali lenye kizuizi cha joto pande zote, na uyaingizie hewa ya moto kutoka juu ikitokea chini. Jioni geuza mkondo, hewa baridi iingie chini na kutoka juu, ili ipite mwisho kwenye mawe yaliyo moto zaidi. Ukiitoa kwa mkondo uleule wa kuingizia, hewa itapita mwisho kwenye mawe yaliyopoa. Usiruhusu kamwe hewa iliyokwisha kupita kwenye samaki irudi ndani ya mawe, kwani itaacha unyevu na harufu ambazo hazitoki.

Maji hutunza joto vizuri kuliko mawe, na kinachosumbua ni chombo. Chupa za plastiki za soda hulegea zinapopata joto, kwa hiyo makopo ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi, yasiyojazwa hadi juu, ndiyo salama zaidi. Yapange yakiwa yameachana ili hewa iyazunguke.

Nta huvutia kwa wepesi wake. Inapoyeyuka humeza takriban kilojuli 200 kwa kila kilo bila kupanda joto, na hulirudisha joto hilo fiche inapoganda. Lakini kabla ya kununua, fahamu inayeyukia nyuzi ngapi. Yeyusha kipande ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wazi, kisha uiache ipoe ukisoma kipimajoto kila dakika. Mahali kinapokwama kwa muda ndipo nyuzijoto zake. Mishumaa mingi hukwama kati ya 50 na 60 na kitu. Kasha linaloongeza nyuzi 27 litatoa hewa ya nyuzi 57 Kisumu ikiwa nje ni 30, lakini Nakuru, ikiwa nje ni 22, litatoa 49 tu. Nta ya nyuzi 55 itayeyuka kwa shida Kisumu na haitayeyuka kabisa Nakuru, na nta isiyoyeyuka imepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Mwenye kasha Nakuru atafute nta ya nyuzi 45 hivi, au aviegemeze vyombo vya nta moja kwa moja chini ya bamba, ambako chuma ni moto kuliko hewa.

Nta pia hupitisha joto vibaya. Iweke kwenye vyombo bapa vya aluminiamu au bati visivyozidi unene wa sentimita 2 au 3, utie ndani vipande vya aluminiamu chakavu vinavyogusa kuta, na uache nafasi tupu ya asilimia 15, maana hutanuka inapoyeyuka na itapasua kiungo. Weka sinia chini ya vyombo hivyo, mbali na chakula.

Milango na saa

Akiba iliyofungwa ndani ya kasha lenyewe hunyonya joto la asubuhi, wakati ambao zao lina maji mengi na linalihitaji zaidi. Jenga akiba kando, na uweke milango miwili ya bati inayofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Tangu asubuhi hadi karibu saa tano, hewa yote iende kwenye chakula. Kati ya saa tano na saa tisa, fungua nusu kuelekea kwenye mawe au nta. Wingu likifunga, au jua likianza kuzama, funga njia ya kipasha hewa na uivute hewa kupitia akiba. Feni iliyounganishwa moja kwa moja na paneli ya sola itasimama hapo, kwa hiyo betri ndogo inahitajika, au bomba refu la kutolea hewa litakaloivuta bila umeme.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, na ikiwezekana uwe na makasha mawili yaliyo sawa, moja bila mabadiliko, yakipimwa chini ya jua lilelile. Futa kioo kila asubuhi kabla umande haujakauka na vumbi, kagua vyombo vya nta kila wiki, na kabla ya mvua za Machi fukua mawe ya chini kabisa uone kama yamepata unyevu.